Mita ya Mafuta Baharini Nayo Ina Mkaguzi Wake

Kanuni za Norway zinataka kipimo cha mafuta ghafi yanayouzwa kutoka baharini kisiwe na shaka inayozidi asilimia 0.30. Kwa muuza duka hicho si kitu. Lakini chukua jukwaa linalotoa mapipa 100,000 kwa siku, bei ikiwa dola 70 kwa pipa: asilimia hiyo ni mapipa 300, sawa na dola 21,000 kila siku, zaidi ya dola milioni 7.6 kwa mwaka. Shaka inayoyumba huku na huku hujifidia yenyewe. Mita inayoegemea upande mmoja haijifidii, na mafuta yenyewe hayapotei. Yanahama tu kutoka mfuko wa mmoja kwenda wa mwenzake. Serikali inayotoza asilimia 78 ya faida ya mafuta ina kila sababu ya kukodoa macho.

Njia ya zamani ya kuhakiki mita bado inatumika, na inatumika vizuri. Mpira mzito husukumwa na mafuta ndani ya bomba lililopindishwa, ukipita swichi mbili. Ujazo wa kati ya swichi hizo unajulikana, hivyo kompyuta huhesabu mipigo ya mita tangu mpira ugonge swichi ya kwanza hadi ya pili, kisha hutoa kigezo cha kusahihisha. Pasipo na bomba hilo, mita hufunguliwa na kupelekwa maabara ya nchi kavu, kama ile ya East Kilbride, Scotland. Safari hiyo ni ghali, na mita inaweza kukutwa nzima kabisa. Kibaya zaidi ni kinyume chake: mita iliyoharibika wiki moja baada ya uhakiki itadanganya mpaka tarehe nyingine ifike.

Uchambuzi wa data unaziba pengo hilo la katikati. Mita ya gesi inayotumia sauti hurusha mawimbi mshazari, mengine yakifuata mkondo, mengine yakiukabili, na tofauti ya muda ndiyo inayotoa kasi ya gesi. Mawimbi hayo hayo hutoa pia kasi ya sauti ndani ya gesi, ambayo inaweza kukokotolewa upya kutokana na mchanganyiko wa gesi, shinikizo na joto. Namba hizo mbili zikianza kuachana, kuna jambo. Pengine ni uchafu kwenye kihisio. Pengine kipimajoto ndicho kilichoharibika na mita inasingiziwa.

Mabomba ya pamoja yanatoa ushahidi wa aina nyingine. Bomba la Forties, mali ya INEOS tangu 2017, hukusanya mafuta ya kampuni nyingi za Bahari ya Kaskazini na kuyafikisha Scotland yakiwa yamechanganyika, na mgawo wa kila mmoja hutokana na vipimo. Katika mfumo wa namna hiyo, jumla ya mita za majukwaani hulinganishwa na kinachopokelewa nchi kavu. Pengo likipanuka kila jukwaa fulani linapoongeza uzalishaji, mtuhumiwa wa kwanza amepatikana.

Wauzaji wa programu huahidi zaidi ya hayo, na hapo nawaonea shaka. Programu iliyofundishwa kwa kumbukumbu za mita iliyokwisha kulika itauona ugonjwa kuwa ndio afya. Ila kwa mita za sakafuni mwa bahari, zinazopima mafuta, maji na gesi kwa pamoja na ambazo hakuna fundi wa kuzifungua kirahisi, data ni msaada mkubwa kuliko popote.

Tanzania nayo inahusika, maana gesi ya kisiwa cha Songo Songo inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Mkaguzi anayepewa jumla ya mwezi peke yake hawezi kufanya hesabu hizi hata moja. Anahitaji mipigo, joto na shinikizo la kila dakika, na haki ya kuvipata iwe imeandikwa kwenye mkataba kabla bomba halijatandazwa.