Je, Tunanunua au Tunakodi?

Wakati wa likizo iliyopita, mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alinijia hapa Syokimau akiwa amenuna. Kwa miezi kadha alikuwa amejinyima pesa zake za matumizi, akalipia nyimbo za kupakua ili azipige kwa gitaa la plastiki katika mchezo wa video. Mashine ilipoharibika alipata nyingine, lakini akaunti yake ya zamani ikakataa kufunguka. Nyimbo zote zikapotea.

"Mjomba," akaniuliza, "ikiwa nilizinunua, mbona si zangu?"

Hilo ni swali la lugha kabla ya kuwa la sheria. Ng'ombe niliyemnunua naweza kumchinja, kumuuza au kumrithisha mwanangu. Anayekodi baiskeli huirudisha jioni. Anayepanga nyumba huondoka mkataba ukiisha. Anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Wimbo wa mchezo, aghalabu, hauwezi kuuzwa tena wala kurithishwa. Anachouziwa kijana ni idhini ya kuucheza. Hata hivyo, kitufe alichobonyeza kiliandikwa "nunua".

Mpwa wangu si wa kwanza kupatwa na haya. Mchezo wa Guitar Hero Live ulitoka mwaka 2015, na nyimbo zake nyingi zilifikiwa kupitia mtandao tu. Tarehe 1 Desemba 2018 huduma hiyo ilifungwa. Nyimbo zaidi ya 480 zikatoweka. Zikabaki 42 zilizokuwa ndani ya diski.

Wabunge wa jimbo la California, Marekani, wameliona tatizo hili kuwa la msamiati. Sheria iliyoanza kutumika huko tarehe 1 Januari 2025 inamkataza mfanyabiashara kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za kidijitali pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa idhini tu. Bidhaa inayopakuliwa moja kwa moja na kutumika daima bila mtandao haimo katika katazo hilo.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya watoto. Lakini ni hapa hapa Syokimau, Novemba 2011, ambapo familia zilizoamini kuwa zimenunua viwanja ziliona nyumba zao zikibomolewa, serikali ikisema ardhi ile ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Silinganishi wimbo na nyumba, hasha. Nasema tu kwamba desturi ya kuuliza "nanunua nini hasa?" yafaa ianze mapema, wakati hasara ingali ndogo.

Walimu wenzangu, mnapofundisha vitenzi kununua, kukodi, kupanga na kuazima, msiishie kwenye ubao. Waambieni wanafunzi wafungue masharti ya michezo yao, kisha waseme ni kitenzi kipi kinachostahili kuandikwa kwenye kile kitufe. Wahenga walikwisha kutuonya: nguo ya kuazima haisitiri matako.