Mvinyo wa Dodoma unadoda rafuni? Onjesha!

Wafanyabiashara wenzangu, mvinyo wa mzalishaji mdogo mara nyingi haudodi kwa ubaya. Unadoda kwa sababu mteja anaogopa kutoa hela yake kwa lebo asiyoijua.

Mimi kila Ijumaa saa 11 jioni naonjesha dukani. Nafungua chupa 2 tu: moja ya jina kubwa, nyingine ya mzalishaji mdogo wa Dodoma. Lebo nazifunika. Watu wakishachagua, ndio nazifunua. Hapo maneno yanaisha yenyewe.

Hesabu yake: chupa ya mililita 750, ukimpimia kila mtu mililita 30, wanaonja watu 25. Hiyo ni gharama ya tangazo, iandike hivyo.

Zingatia haya:

✅ Kabla hujachukua mzigo, angalia nembo ya TBS na stempu ya TRA. Mzigo wa bei chee usio na stempu utakuponza.

✅ Anza na mkavu, malizia na mtamu. Mtamu ukitangulia, mkavu utaonekana mkali.

✅ Chini ya miaka 18, hapana.

✅ Andika daftarini nani kapenda nini. Daftari ndilo linakwambia uagize katoni au chupa 3.

✅ Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mzigo mpya unaweza usifanane na uliopita. Onja mwenyewe kwanza. Mteja aliyekuamini ukimpa ladha nyingine kwa jina lile lile, harudi.

Wewe dukani kwako unaonjesha nini?