Mshale wa joto kwenye gari lako unakuficha mengi

Wadau, mnaoendesha mnaujua ule mshale wa joto unaokaa katikati siku nzima. Mnauona umetulia, mnadhani na injini imetulia. Wapi! Kwenye magari mengi ya kisasa kiwanda kimeupanga usisogee hata maji yakitoka nyuzi 80 hadi 100 na ushee, eti dereva asiingiwe na wasiwasi. Ukija kuuona unapanda, gasketi ya silinda hedi huenda ishaanza kuungua, na bili ya fundi hapo mnaijua.

Ndiyo maana nikachukua tableti ya zamani nikaigeuza dashibodi.

Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Marekani ni lazima tangu magari ya mwaka 1996, Ulaya kwa ya petroli tangu 2001. Hapo nimechomeka kimashine cha ELM327 cha Bluetooth. Programu yangu inatuma 0105: 01 ni nipe hali ya sasa, 05 ni joto la maji. Kompyuta ya gari inajibu 41 05 7B. Hiyo 7B kwa hesabu zetu ni 123. Toa 40, unapata nyuzi 83. Hakuna uchawi.

Kazi ni kuamua kipi kionekane. Programu za kupakua zinakujazia mageji kumi, utadhani unarusha ndege. Gari la zamani hujibu maswali machache tu kwa sekunde, ukiuliza mengi kila kitu kinachelewa. Mimi mzunguko wa injini nauliza kila mara, joto kila sekunde mbili, ila joto nimelipa nusu ya kioo. Likifika 105 kioo kizima kinakuwa chekundu na kupiga kelele. Kelele inapigwa pia joto likishuka ghafla gari likiwa linatembea, maana rejeta ikipasuka maji yakaisha, sensa inabaki kupima hewa. Namba inaweza kushuka huku injini inaiva!

Sasa kwa hapa Bongo, magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Ya zamani utakuta yana soketi hiyohiyo lakini yanaongea lugha yao, kimashine kinabaki bubu. Azima cha mtu ujaribu kwanza kabla hujatoa hela. Na ukipaki kichomoe, kinakula betri.