Waya, shanga na koleo: hereni za nyumbani wakati wa likizo

MVUA za Desemba zikishika Ufipa, watoto wa Kasense, Sumbawanga, hubaki ndani siku nzima, na ugomvi hauchelewi. Mzazi anayetafuta kazi ya kuwakalisha mezani bila gharama kubwa anaweza kuanza na hereni za waya. Kazi hii inamfaa mtoto wa kuanzia miaka 9 hivi, mtu mzima akiwa karibu.

Ufundi wa madini si mgeni kwao. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyofika kimo cha mita 3 hivi na kuvuta hewa bila mivukuto. Kiswahili nacho kina neno la kale, udodi, yaani waya mwembamba wa kutengenezea vikuku na mapambo.

Vifaa

Tafuta waya wa shaba, koleo lenye mdomo mwembamba, msasa laini, rula, kalamu ya wino na shanga chache. Waya wa kuingia sikioni uwe na unene wa milimita 0.8 hivi. Ule wa umeme wa nyumbani wa namba 1.5 ni mnene mno kwa tundu la sikio. Utumie kwa pambo la kuning'inia tu.

Omba mabaki kwa fundi umeme au nunua kipande dukani. Mtoto aonywe mapema: waya ulio ukutani, kwenye nguzo au ulioanguka njiani haguswi. Plastiki ya waya ivuliwe kwa kisu na mtu mzima. Kuichoma kunatoa moshi wenye sumu, na watoto ndio huukaribia zaidi.

Hatua

1. Kata vipande viwili vya sentimita 5. Elekeza ncha chini na uishike pande zote mbili, maana kipande kikiruka huweza kuumiza jicho.

2. Kwa koleo, kunja ncha moja iwe kitanzi kidogo.

3. Laza waya juu ya kalamu, uuzungushe upate umbo la ndoano. Fanya vyote viwili kwa pamoja ili vilingane.

4. Sugua kwa msasa ncha itakayoingia sikioni. Ipitishe juu ya kitambaa laini. Ikinasa uzi, endelea kusugua.

5. Kunja kipande kingine kama konokono, tia shanga, kisha kiunganishe na kitanzi. Kitanzi hufunguliwa kwa kusukumwa pembeni, kama mlango. Ukikipanua, hakirudi duara.

Shaba iliyofifia hung'aa ikisuguliwa kwa ndimu na chumvi, kisha ioshwe na kukaushwa vizuri.

Sikio kwanza

Hereni hizi si za sikio lililotobolewa karibuni. Tundu lipone kabisa kwanza, jambo linalochukua wiki 6 au zaidi. Shaba ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Rangi hiyo huoshwa ikatoka. Kuwasha, wekundu na uvimbe ni jambo lingine. Mara nyingi chanzo huwa nikeli, madini yaliyochanganywa katika hereni nyingi za bei rahisi. Mtoto avuliwe hereni, na kukiwa na usaha apelekwe kituo cha afya. Usiku hereni zivuliwe.

Shanga na vipande vya waya vihesabiwe kabla na baada ya kazi, kwani mdogo anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni.

Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuvaa hereni, hivyo mtoto ajue tangu mwanzo kwamba hizi ni za Jumapili na sikukuu. Jozi ya kwanza huenda isilingane. Mpe waya mwingine, apime tena kwa rula. Ya tatu kwa kawaida huwa nzuri kiasi cha kumpa shangazi zawadi.