Mwavuli Ndani ya Kombora

Kombora la mzinga wa milimita 155, likifyatuliwa kwa baruti ya kutosha, hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 600 kwa sekunde, huku likijizungusha karibu mara 200 katika sekunde hiyo hiyo. Sasa chukua mwavuli wa kitambaa, ukunje vizuri, uutie ndani ya kombora hilo pamoja na mkebe wa kemikali zinazotoa mwanga, kisha utake kwamba kilomita kadhaa mbele mwavuli ufunguke bila kuchanika wala kujisokota, na ushuke taratibu ukining'iniza moto mweupe juu ya vichwa vya watu. Asiyeijua kazi hii atadhani ugumu uko kwenye mwanga. La hasha, mwanga ulipatikana mapema. Kilichowahangaisha mafundi kwa miongo mingi ni kukisimamisha angani kitu ambacho shabaha yote ya mzinga ni kukirusha kwa kasi.

Haja yenyewe ni ya zamani. Katika vita vya kuzingira ngome, giza lilikuwa mali ya mzingiraji. Usiku ndipo askari wake walipochimba mitaro na kuisogeza kidogo kidogo kuelekea ukutani, na kulipopambazuka walinzi wa ngome walikuta adui amekaribia zaidi. Dawa ya kwanza ilikuwa kurusha nje mafurushi ya shura, salfa na utomvu yaliyowaka yakiwa ardhini. Yalisaidia, ila yalikuwa na kasoro mbili zisizokwepeka. Furushi likiangukia shimoni humulika shimo tu, na adui jasiri aliweza kulisogelea na kulifukia kwa koleo mbili tatu za udongo. Mwanga ulipaswa kuwa mahali ambapo koleo haifiki.

Katikati ya karne ya 19 jibu lilipatikana Woolwich, kando ya mto Thames, kwenye karakana za kijeshi za Uingereza. Edward Boxer, afisa wa mizinga aliyekabidhiwa maabara ya kifalme ya baruti na risasi za mizinga mwaka 1855, alibuni tufe lenye maganda mawili, moja ndani ya jingine. La nje lilikuwa nusu mbili za bati. Ndani yake mlikuwa na nusu nyingine mbili: moja imebeba mwavuli uliokunjwa, nyingine imeshindiliwa mchanganyiko wa kuwaka. Baruti kidogo ilipasua ganda la nje, nusu za ndani zikaachana, mwavuli ukavutwa nje, na moto ukabaki ukining'inia. Matufe hayo yalitengenezwa kwa ukubwa wa inchi 10, 8 na 5.5, yote kwa ajili ya mizinga mifupi ya kurushia juu.

Hiyo mizinga mifupi ndiyo siri yake. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, kwa hiyo haukulizungusha tufe. Baruti yake ilikuwa kidogo, na tufe lilipanda wima kiasi kwamba kule juu, karibu na kilele cha safari yake, lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya kasi. Mwavuli ulifunguka katika utulivu wa jinsi hiyo. Boxer alikuwa fundi hodari, lakini nusu ya kazi alifanyiwa na udhaifu wa mzinga wenyewe.

Halafu mizinga ikawa bora, na mwavuli ukashindwa. Kuanzia miaka ya 1850 na 1860 mataifa ya Ulaya yalihamia mitutu iliyochongwa mifereji ndani, inayolizungusha kombora ili lisiyumbe. Masafa yaliongezeka, shabaha ikanyooka, mizinga ya mtutu laini ikaanza kuwekwa kando. Ila kombora linalozunguka kwa kasi ile likipasuka, chochote kilichomo hutupwa pande zote, na kamba za mwavuli hujisokota hata kabla kitambaa hakijashika upepo. Basi wahandisi wakarudi nyuma hatua moja. Kombora la mwanga la mwishoni mwa karne ya 19 halikuwa na mwavuli kabisa. Lilifanana na yale makombora ya kumwaga risasi, isipokuwa mahali pa risasi palijazwa vijisilinda vya karatasi ngumu vyenye mchanganyiko wa magnesi. Lilipopasuka, vijisilinda viliwaka na kuanguka kama vilivyo. Ukiyatazama makombora hayo peke yake utadhani mwavuli ni uvumbuzi wa baadaye, kumbe babu zao walikuwa nao.

Magnesi yenyewe ilikuwa neema mpya. Mwanakemia Humphry Davy aliitenga mwaka 1808, lakini ilibaki kitu cha maabara hadi miaka ya 1860, ilipoanza kutengenezwa kwa biashara Manchester. Shura na salfa hutoa moto wenye moshi mwingi na mwanga hafifu. Magnesi hutoa mweupe unaoumiza macho. Michanganyiko ya baadaye ikaoanisha unga wa magnesi na naitreti ya sodiamu. Naitreti huleta oksijeni, na sodiamu huongeza umanjano ambao jicho la mtu huupokea vizuri. Ni mchanganyiko unaojitosheleza: hauhitaji hewa ya nje ili uendelee kuwaka.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1914 majeshi yalikuwa na mwanga mkali usio na pa kutundikwa. Yakaja mahandaki. Kuanzia pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi, pande mbili ziliketi zikitazamana, mahali pengine kwa umbali wa kutupiana jiwe, na kila kazi ya maana ilifanywa usiku: kukata seng'enge, kuokota majeruhi, kuvamia handaki la wenzao. Bastola za kurushia miali zilikuwepo. Edward Very, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alibuni ya kwake mwaka 1877 kwa ajili ya ishara. Lakini bastola humulika pua ya aliyeishika na kipande kidogo mbele yake. Kuona barabara iliyo nyuma ya mstari wa adui, ambako chakula na risasi husafirishwa gizani, kunahitaji mzinga, na mzinga wa wakati huo ulikuwa wa mifereji. Mwavuli ulibidi urudi, safari hii kwa masharti magumu.

Suluhisho lililoshika mizizi ni kuitoa shehena kupitia kitako cha kombora. Kombora halipasuki. Puani huwekwa fyuzi ya muda, inayotegwa kabla ya kufyatua. Muda ukifika, fyuzi huwasha baruti kidogo iliyo nyuma yake. Gesi husukuma kila kitu kuelekea kitakoni, pini zilizowekwa makusudi ziwe dhaifu hukatika, kitako hung'oka, na mkebe pamoja na mwavuli hutoka kwa nyuma huku moto ukiwa umeshashika. Faida ni mbili. Ganda la chuma huendelea mbele peke yake, bila vipande vya kuchana kitambaa. Na kwa kuwa mkebe umesukumwa kinyume na mwelekeo wa safari, sehemu ya kasi yake hufutwa papo hapo.

Unabaki mzunguko. Baina ya mkebe na kamba za mwavuli huwekwa kiungo kinachojizungusha, mkebe uzunguke utakavyo na kamba zitulie. Katika makombora ya kisasa mkebe pia huchomoza mabapa madogo yanayoshika hewa na kuuvunja mzunguko. Kombora la Marekani liitwalo M485, la milimita 155, lina miavuli miwili: mdogo hufunguka kwanza kupunguza kasi, na ule mkubwa husubiri hadi hali itulie. Kamba zilizo karibu na moto ni za chuma, kwa sababu nyingine zingeungua. Kuna jambo jingine dogo linalonifurahisha: mkebe unavyozidi kuungua ndivyo unavyopungua uzito, na hewa moto inayopanda kutoka kwake huujaza mwavuli kwa chini, hivyo dakika ya mwisho hushuka polepole kuliko ya kwanza.

Askari wa mahandaki waliupenda mwavuli kwa sababu nyingine kabisa. Ilikuwa hariri. Erich Maria Remarque, aliyepigana upande wa Ujerumani, anaonyesha katika riwaya yake iliyotoka mwaka 1929 jinsi askari walivyookota miavuli ya makombora ya Wafaransa, wengine wakaifanya leso, wengine wakaituma nyumbani ikashonwe blauzi.

Baharini somo liliwafikia Waingereza kwa aibu. Katika mapigano ya Jutland, usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1916, manowari za Ujerumani zilikuwa na makombora ya mwanga na za Uingereza hazikuwa nayo. Waingereza walitegemea kurunzi kubwa za melini. Kurunzi humulika adui, ni kweli, lakini mwale wake una mwanzo, na huo mwanzo ni wewe. Kombora la mwanga halina mkia wa kumrudisha adui kwako. Baada ya usiku ule jeshi la majini la Uingereza halikuhitaji kushawishiwa tena kutengeneza ya kwake.

Hapa inafaa tupige hesabu kidogo. M485 hutoa mwanga wa takribani kandela milioni moja kwa dakika mbili, na hushuka mita 5 hivi kwa sekunde. Dakika mbili ni mita 600, nao ndio urefu ambao wapiga mizinga hutaka lifunguke, ili moto uzimike unapokaribia ardhi. Chini yake hasa, mwanzoni, mwanga huwa takribani mara kumi ya mbalamwezi. Kwa nini basi lisifunguke chini zaidi, ambako mwanga ungekuwa mkali kuliko huo? Mvuvi wa dagaa anajua: karabai ikishushwa karibu na maji hung'arisha duara dogo na kuacha giza pembeni. Kombora lililofunguka mita 100 juu ya ardhi humulika kwa nguvu nyingi mahali padogo, na aliyesimama mita 500 kando hupata mwanga pungufu kuliko angepata lingekuwa mita 600 juu. Tena mwanga wa chini hutupa vivuli virefu, na ndani ya kivuli kirefu kikosi kizima hujificha.

Vivuli hivyo havitulii. Mkebe hupeperushwa na upepo, hubembea, na kila kichaka kinaonekana kama kinatembea. Mlinzi mgeni hufyatulia miti. Mzoefu hutafuta kile kinachokwenda kinyume na vivuli vingine, na ndiyo maana askari aliyenaswa na mwanga hufundishwa kuganda alivyo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Jambo jingine ni jicho. Jicho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na sekunde chache za magnesi hufuta mazoea hayo yote. Askari hufumba jicho moja ili mwanga ukizimika wabaki na jicho linaloona. Aliyerusha naye hulipa gharama hiyo hiyo: dakika mbili za kuona, kisha giza zito kuliko lile la mwanzo, isipokuwa kama kombora la pili limeshafika juu kabla la kwanza halijazimika.

Mahali pa kulifungulia ni hesabu nyingine. Upepo lazima ukadiriwe, lifunguke upande unakotoka upepo, lipite juu ya shabaha likiwa katikati ya uhai wake. Baharini desturi ni kulifungua nyuma ya adui, ili meli yake ionekane kama umbo jeusi mbele ya anga iliyomulikwa. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa kaskazini ya Norway, tarehe 26 Desemba 1943, katika majira ambayo jua halichomozi huko. Meli ya Ujerumani Scharnhorst ilikuwa imepoteza rada yake ya mbele asubuhi ya siku hiyo. Waingereza waliifuata kwa rada zao, na saa 10 na dakika 48 jioni, kwa saa zetu za Kiswahili, makombora ya mwanga yalifunguka juu yake. Mizinga yake ilikuwa bado imeelekezwa mbele na nyuma, kama ya meli isiyotarajia vita. Dakika mbili baadaye manowari ya Uingereza Duke of York ilianza kupiga. Rada ilikuwa imeshasema meli iko wapi. Macho yalihitajika kuona iko katika hali gani na risasi zinaangukia wapi. Kati ya mabaharia 1,968 waliokuwamo, walionusurika ni 36. Belfast, mojawapo ya meli za Uingereza zilizoshiriki, leo imetia nanga London na watu hulipa kiingilio kuitembelea.

Ndugu wa amani wa kombora hili yumo katika kila meli kubwa ya kimataifa inayoingia Mombasa au Dar es Salaam. Kanuni za usalama wa baharini huzitaka meli hizo ziwe na roketi 12 zenye mwavuli, za kuombea msaada. Kila moja yapasa ifike angalau mita 300 juu na iwake nyekundu kwa sekunde 40 au zaidi. Kasi ya juu ya kushuka inayoruhusiwa ni mita 5 kwa sekunde, sawa na ya ndugu yake wa kivita. Roketi hujiendesha yenyewe na haipiti katika mtutu wa mifereji, kwa hiyo mwavuli wake hauna haja ya mabapa ya kuvunja mzunguko.

Majeshi nayo yamebadilika. Siku hizi yapo makombora ya mwavuli yanayowaka kwa mionzi isiyoonekana kwa macho matupu, inayoonekana kwa miwani ya usiku tu. Adui asiye na miwani hukaa gizani akiwa amemulikwa mwili mzima. Hilo lina mipaka miwili. Miwani ya usiku siku hizi inauzwa hata madukani. Na lile ganda tupu la chuma, lililoachwa liendelee na safari baada ya kumwaga shehena yake, bado lazima liangukie mahali fulani. Mpiga mizinga makini hulipigia hesabu yake ya pekee kabla hajafyatua, kwa sababu huko mbele kunaweza kuwa na askari wenzake, au kijiji.