Programu za tarakilishi zilivyosaka ngome za malaria Rachuonyo

Msafiri apitaye Oyugis kwenye barabara ya Kisumu hadi Kisii huona vilima, maboma yaliyotawanyika na mabonde yenye vijito. Asichokiona ni kwamba malaria haiwashambulii wakazi kwa kipimo kimoja. Boma moja huuguza watoto kila msimu wa mvua, ilhali jirani wa ng'ambo ya kijito ana nafuu.

Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya KEMRI, walichunguza damu ya watu 17,503 katika eneo la kilomita mraba 100 hivi la Rachuonyo Kusini, wakitafuta kingamwili zinazobaki mwilini baada ya mtu kuambukizwa malaria. Matokeo yaliambatanishwa na mahali boma lilipo.

Ramani tupu yenye vitone maelfu humdanganya mtazamaji, kwani jicho huona makundi hata pasipo na kundi. Ndiyo sababu hutumiwa programu kama SaTScan, iliyobuniwa na mtakwimu Martin Kulldorff. Huchora duara, hulipanua hatua kwa hatua, na kulinganisha maambukizi ya ndani na ya nje. Kisha huyachanganya matokeo kiholela, mathamani mara 999, ili kuona kama bahati peke yake ingeweza kuzaa duara kama hilo. Ikishindwa, hapo pana ngome.

Duara, hata hivyo, halijui bonde wala kijito. Mtaalamu anayejua lugha ya Python au R, ambazo hazilipiwi, anaweza kuandika chombo chake mwenyewe kinachozingatia mwinuko wa ardhi na umbali wa boma kutoka majini.

Yampasa awe mwangalifu. Oyugis iko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahauliwa, boma huruka zaidi ya kilomita 100 hadi pande za Bungoma. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, boma hujikuta Algeria! Tarakilishi hailalamiki, hukokotoa tu.

Makosa hayo si ya kuchekesha, kwani duara ndilo huamua nani apate dawa. Rachuonyo zilipatikana ngome 27. Mwaka 2012, tano zilipewa vyandarua, dawa ya kupuliza kutani, dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu na tembe kwa wakazi. Tano nyingine ziliendelea na huduma za kawaida.

Ilitarajiwa kwamba ngome ikivunjwa, majirani pia wangepona. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha vinginevyo: ndani ya ngome maambukizi yalipungua kiasi katika wiki ya nane, lakini kufikia wiki ya 16 tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa majirani walio umbali wa hadi mita 500, haukupatikana ushahidi wa nafuu yoyote.