Je, Wajua? Gharama ya Musi Huanza Akishaanguka

Je, wajua ya kuwa mtu aazimiaye kwenda Alaska kumwinda musi, mnyama mkubwa kuliko wote wa ukoo wa kulungu, safari ambayo wengi huidiriki mara moja tu katika umri wao, hukosea hesabu yake si katika bunduki wala leseni, bali katika nyama? Dume aliyekomaa aweza kufikia kilo 725, akatoa nyama tupu ya kilo 225 hivi, na sheria ya huko yakataza kuiacha porini, hata ile ya mbavuni na shingoni. Tena pembe, ambazo ndizo fahari ya mwindaji, haziruhusiwi kuitangulia nyama kutoka mwituni. Basi ile ndege ndogo ituayo juu ya maji ya ziwa, iliyomleta yeye na hema lake kwa mruko mmoja, yaweza kulazimika kurudi mara mbili au tatu, na kila mruko una ujira wake. Ama mgeni asiye raia wala mkazi wa Marekani, yeye haruhusiwi kumwinda musi bila kiongozi mwenye leseni; na hapo, wallahi, ndipo mfuko utobokapo.